Pindo la Kila Idi

Siku Lalla Khadduj alipotoka nyumbani kwake na asirudi tena, alibebwa na wanaume wanne ndani ya blanketi la sufu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona uso wake. Kichochoro chao, katika mji wa kale wa Tetuan, ni chembamba mno kwa gari la wagonjwa. Gari lilisimama kule chini langoni, na dereva akasema yeye halipwi kubeba watu ngazini. Basi wakaitwa waliokuwa karibu: mwoka mikate, fundi wa viatu, mpwa wa fundi, na Si Absalam (kwao Si ni Bwana, na Lalla ni Bibi), jirani wa ukuta mmoja. Kila mtu akashika pembe yake.

Mfaddal, mwana wa Lalla Khadduj, alikwenda ubavuni mwa blanketi akiwa amelivua jalaba lake, kanzu nzito yenye kofia, na kumtandazia mama yake. Kila walipokata kona jalaba lilianguka, na mguu ukaonekana, mweupe kama unga, umegeukia nje kwa namna ambayo mguu wa mtu haugeuki. Mfaddal aliokota, akafunika, akaokota tena.

"Tazameni mbele," alikuwa akisema. "Tazameni mnakokwenda."

Wakatazama mbele. Rhimo, binti wa nyumba, alifuata nyuma na viatu vya mama yake mkononi.

Lalla Khadduj hakuwa ameanguka kutoka popote. Hilo Rhimo alilieleza mara tatu siku ile, kwa dereva, kwa muuguzi na kwa karani wa mapokezi, na wote watatu wakaandika kwamba mgonjwa ameteleza. Hakuteleza. Alikuwa jikoni, akageuka kuchukua birika, kikasikika kitu kama kijiti kikavu kinachovunjwa kwa ajili ya moto, ndipo akaketi sakafuni polepole kama mtu aliyechoka. Birika lilibaki mkononi. Chai haikumwagika.

*

Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko Rhimo, aitwaye Ilham. Aliishika picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha akaitazama muda mrefu.

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na sita," akasema Rhimo.

"Picha inasema themanini na ushei." Akawaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Mfupa mzima hapa huwa mweupe, umekaza. Huu ona, umekonda kama pazia la kitani. Mfupa ndio ulivunjika kwanza, kisha yeye akaanguka. Huko nyuma hajawahi kulalamika mgongo?"

"Mgongo ni wa uzee," akasema Mfaddal.

"Sitini na sita si uzee wa kuvunjika jikoni, bwana. Anakunywa maziwa?"

"Yanamjaza tumbo gesi."

"Maziwa tunanunua lita moja," akasema Rhimo taratibu. "Ni ya kaka, asubuhi."

Mfaddal alimgeukia. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Dagaa? Mtindi? Jibini?"

"Dagaa mama hali. Anasema ni chakula cha wabeba mizigo. Anakula mkate na zeituni, anashushia chai. Akishatupakulia sisi."

"Anakula baada yenu."

"Ndiyo."

"Na jua je, anatoka juani?"

Hapo Mfaddal alijiweka sawa kwenye kiti. Hili alikuwa nalo jibu, na alikuwa amelitoa mara nyingi, dukani kwake anakouza nyuzi na vifungo vya majalaba, na kwenye arusi, na kwa kila mgeni aliyeisifu nyumba yao.

"Daktari," akasema, "mama yangu hajaonwa na jua miaka kumi na sita."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimtazama Mfaddal usoni, kama anayetaka kujua iwapo anataniwa, akaona hataniwi.

"Miaka kumi na sita," akasema, akaandika. "Ahsante. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta."

Mfaddal alikuwa amezoea watu kushusha pumzi kwa heshima baada ya maneno yale. Alisubiri. Daktari aliendelea kuandika.

"Ua wetu una paa la kioo," akasema Rhimo. "Mwanga unaingia."

"Mwanga unaingia, dada. Kinachojenga mfupa kinabaki nje ya kioo." Akafunika kalamu. "Sasa nisikilizeni. Nyonga hii inataka chuma. Hospitali haina, mnanunua nje, dirham elfu tisa na mia tano. Kikifika leo, kesho nampasua, kesho kutwa namsimamisha. Mtu wa namna hii akilala chali siku nyingi hauawi na nyonga. Anauawa na mapafu. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," akasema Mfaddal.

"Siku mbili. Tatu zikizidi sana."

*

Kufuli la mlango wa paa lilikuwa la shaba, na Rhimo alilipita kila alipopanda chumbani kwa mama yake. Zamani paa, tambarare kama sakafu, lilikuwa la wanawake. Hapo ndipo walipoanika nguo na ngano, wakasuka nywele, wakapashana habari na wanawake wa nyumba za pili, na mwanamume akitaka kupanda alipiga kelele kwanza kutoka chini. Kisha Si Absalam akaongeza ghorofa kwa ajili ya arusi ya mwanawe, na ghorofa ikawa na dirisha, na dirisha likawa linatazama moja kwa moja paa lao. Juma lile lile Mfaddal akanunua kufuli. Ufunguo akauweka kwenye mkufu mmoja na funguo za duka. Tangu hapo nguo zikaanikwa uani chini ya kioo, na nyumba nzima ikanuka ukungu. Mke wa Mfaddal alikaa miezi saba akarudi kwao. Alisema hana ugomvi na mtu, ila nyumba ile ina giza.

Lalla Khadduj hakurudi kwao, kwa kuwa pale ndipo kwao. Akawa anatoka mara moja kwa wiki kwenda kuoga hamamu, baada ya jua kuchwa, kupitia vichochoro vilivyofunikwa.

Jioni ile Rhimo alirudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa. Alilitoa sandukuni jalaba la kijivu la mama yake, lile analolipenda, akaligeuza ndani nje kulikagua, maana yeye ni mshonaji na hawezi kushika nguo bila kuikagua. Pindo lilikuwa nene kama kamba. Kila Idi mama alimwita: "Rhimo, njoo, kitambaa hiki kimelegea tena, nakikanyaga." Na kila Idi Rhimo alipiga magoti na pini mdomoni, akakunja kidole kimoja ndani, au nusu kidole, akashona. Hakukata hata mara moja. Kitambaa kilikuwa kizuri. Sasa alichukua wembe akaanza kufumua. Pindo ndani ya pindo, mstari wa uzi juu ya mstari wa uzi, kijivu cha mwaka huu, kijivu cha mwaka juzi. Alipofika mwisho alipima. Vidole saba.

Sufu hailegei vidole saba. Alikuwa anajua hilo tangu ana miaka kumi na miwili.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa Alhamisi, na aliyegonga ni Sfiya wa milimani, na kofia yake pana ya ukindu na kikapu mgongoni, na jibini mbili nyeupe zimelala juu ya majani. Sfiya alikuwa mkubwa kuliko Lalla Khadduj kwa miaka saba au minane. Mwenyewe hakujua hasa. Alishuka mlimani kwa miguu, mwendo wa saa tatu, kila Alhamisi. Akishaondoka, Lalla Khadduj alikuwa akisema, "Maskini Sfiya, jua limemkaanga kama samaki. Mungu atunusuru."

"Lalla yuko wapi?" akauliza Sfiya.

"Hospitali. Nyonga imevunjika."

"Ameanguka?"

"Hapana. Amegeuka."

Sfiya alitua kikapu chini. "Mimi mwaka huu nimeanguka mara mbili. Mara ya pili punda alinisukuma korongoni, na huyo punda nimemlea mwenyewe. Nikainuka, nikamtukana yeye na wazazi wake, tukaendelea na safari." Akazitazama jibini zake. "Miaka ishirini namletea jibini. Alikuwa akila?"

"Zilikuwa za baba. Baba alipofariki zikawa za kaka. Sisi yale maji yake tulikandia mkate."

"Basi aliyeota mifupa ni mkate," akasema Sfiya, bila kucheka. Akazitoa zote mbili kikapuni. "Mpelekee leo. Bei nitakwambia siku nyingine."

Rhimo alizipeleka. Mama yake alikuwa amelala chali chini ya shuka la hospitali, na kwenye kitanda cha pili mwanamke wa shamba alikuwa akikoroma.

"Kula, mama."

"Mpe kaka yako."

"Kaka amekula."

"Basi mwekee kesho." Aligeuza uso taratibu, maana kila kitu kilimuuma. "Wanaume wanne, Rhimo. Mwoka mikate ameiona soksi yangu, na ilikuwa imetoboka."

"Hakuna aliyetazama."

"Mwoka mikate? Yule huhesabu hata ufuta juu ya mkate wa watu." Karibu acheke, akakohoa. "Wakikuuliza, sema nimeanguka ngazini. Mtu kuvunjikia jikoni na birika mkononi ni aibu."

*

Siku ya pili Si Absalam alikuja hospitali. Aliwakuta Mfaddal na dada yake kwenye ukuta mfupi wa nje, wanapokaa wenye wagonjwa. Mfaddal alikuwa na simu mkononi. Binamu yake aliyeko Ubelgiji alikuwa ameahidi kutuma pesa, ila kule ilikuwa sikukuu, kesho yake ni Jumamosi, na sasa binamu akawa hapokei.

Absalam alisalimu, akauliza hali, akaketi. Alikuwa mtu mzito, muuza mkaa mstaafu, na weusi wa mkaa ulikuwa bado kwenye mistari ya viganja vyake.

"Si Mfaddal, nitasema moja tu. Hizo elfu tisa na mia tano mimi ninazo. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bomba la nyumba. Zichukue. Ukirudisha umerudisha, usiporudisha tumeishi ukuta mmoja miaka arobaini."

"Mungu akuzidishie. Tunazo."

"Unazo?"

"Zinakuja."

"Mama yako amelala na pesa zinakuja," akasema Absalam. "Nani atafika kwanza?"

Mfaddal alizungusha mkufu wa funguo kwenye kidole. "Pesa zako kajengee madirisha."

Absalam alifungua mdomo. Aliangalia funguo, akamwangalia Rhimo, akarudi kwa Mfaddal, na uso wake haukuwa wa hasira. "Habari ya madirisha yangu unaijua vizuri, Mfaddal," akasema. "Unaijua kuliko mtu yeyote." Akainuka, akapangusa jalaba lake nyuma, akaondoka.

"Kaka, tuzichukue," akasema Rhimo. "Nitamlipa mimi kwa sindano yangu. Nina oda tatu za arusi."

"Wewe nyamaza. Kesho kichochoro kizima kitasema mguu wa Lalla Khadduj umenunuliwa na Absalam."

"Na kisiposema hivyo, kitasema nini?"

"Kitasema mwanawe alimtunza."

Toka pale ukutani hadi langoni, alipokuwa Absalam anasubiri teksi, ni hatua thelathini, pengine hazifiki. Rhimo angeweza kwenda. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mguu mzima, ulimi mzima. Alimtazama Absalam akiinua mkono mara ya kwanza, teksi ikapita; mara ya pili, ikapita; mara ya tatu ikasimama. Muda wote huo Rhimo alikuwa amekaa, amekunja mikono kwenye magoti kama alivyofundishwa.

*

Pesa za Ubelgiji zilifika siku ya saba. Chuma kilinunuliwa siku ile ile, kwenye duka lililo mkabala na hospitali, na muuzaji akamwonyesha Mfaddal vyuma vya aina tatu kwenye kitambaa cheusi, kama sonara. Siku ya nane Daktari Ilham alimpasua. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliyasema hayo bila kutabasamu, na aliwaambia mambo mawili: kwamba nyonga sasa ni nzima, na kwamba hapendi anachokisikia kifuani.

Walimsimamisha mara moja. Wauguzi wawili walimshika makwapani, naye akasimama kwenye pindo la kanzu ya hospitali, ameinama, kichwa kwenye bega la muuguzi, na Rhimo kwa mara ya kwanza akaona kwamba mama yake anamfika kifuani. Zamani walikuwa wakilingana.

"Nimesimama," akasema Lalla Khadduj, kwa pumzi fupi. "Haya, mmeona. Sasa nirudisheni, kuna baridi."

Siku ya kumi na nne, kabla ya adhuhuri, mapafu yalishinda.

Bafta ya sanda ilinunuliwa na Mfaddal, na Rhimo akaomba aikate mwenyewe. Aliikata uani, kwenye sakafu, bila kupima, maana mwili wa mama yake alikuwa ameushonea maisha yake yote na vipimo vyake viko vidoleni mwake. Mwoshaji alipoitandaza alisita. Alikuwa mwanamke mzee, mkali, aliyeosha wanawake wa mtaa ule kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Binti, umemkatia nani hii?"

"Mama."

"Mama yako anaishia hapa." Akaweka kiganja kwenye kitambaa. Chini ya miguu kilibaki kipande kirefu, cheupe, kisicho na mtu. "Hii ni ya mwanamke mrefu."

"Alikuwa mrefu," akasema Rhimo.

Mwoshaji hakubishana. Alikikunja kipande kile mara mbili chini ya nyayo, akafunga.

*

Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa wanawake. Walimsifu marehemu, na sifa ilikuwa ile ile, mdomo baada ya mdomo: mwanamke wa nyumba, mwanamke wa stara, mwanamke ambaye hata jua halikumwona. Rhimo, aliyevaa nyeupe ya matanga, aliwaandalia uji na tende, na kila alipolisikia neno lile alihisi kama mtu amemwekea kitu baridi mgongoni.

Magodoro ya marehemu na mablanketi yake, yaliyotolewa chumbani kwake, yalikuwa yamerundikwa ngazini, na yalinuka.

"Haya yanataka jua, mwanangu," akasema mmoja wa wanawake. "Mtapata magonjwa."

Mfaddal alikuwa amepita mlangoni kuleta sukari. Rhimo alinyoosha mkono mbele ya wote.

"Kaka, nipe ufunguo wa paa."

Wanawake walishusha vijiko. Mfaddal aliutazama mkono ule. Angekuwa naye peke yake angejibu. Mbele ya wanawake thelathini na magodoro ya maiti ngazini alishika mkufu. Akauchomoa ufunguo. Ulikuwa umekuwa mweusi kwa kukaa bila kazi.

Kufuli lilikataa. Rhimo alilitia mafuta ya zeituni, akasubiri, akajaribu tena, na mlango ukafunguka kwa kukwaruza. Jua lilimpiga machoni mpaka ikambidi ashike ukuta. Paa lilikuwa na majani yaliyoota kwenye nyufa, kamba ya nguo iliyooza, na ndoo ambayo bado ilikuwa na vibano vya mbao ndani yake. Aliinua macho kulitafuta dirisha.

Dirisha halikuwepo. Palikuwa na matofali, yamepangwa vizuri mpaka juu, yamepakwa chokaa, na chokaa imepakwa tena juu ya chokaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mahali pale pamekuwa sawa na ukuta mwingine. Kwenye pembe moja mmea wa porini ulikuwa umeota kwenye ufa, shina lake nene kama kidole gumba. Mmea wa aina ile hauoti mwaka mmoja.

Alishuka bila magodoro. Lalla Batul, mke wa Absalam, alikuwa jikoni anachambua dengu.

"Lalla Batul, lile dirisha mliliziba lini?"

"Lipi, mwanangu? La juu?" Batul hakuinua kichwa kutoka kwenye dengu. "Mwaka ule ule. Hata Ramadhani haijaingia. Absalam alisema fundi amekosea, na kwamba yeye hawezi kulala akijua wanawake wa watu hawapandi paani. Alimwambia kaka yako msikitini, mbele ya imamu." Sasa akainua kichwa. "Hakuwaambia?"

*

Alimsubiri mpaka wageni walipoondoka. Mfaddal aliketi uani chini ya kioo, na jioni ilikuwa inaingia.

"Ulijua," akasema Rhimo.

"Umeshaambiwa. Unaniuliza nini?"

"Nataka niisikie kwako."

Mfaddal alisugua mahali kwenye mkufu ambapo ufunguo ulikuwa ukining'inia. "Nilikuwa nimeshafunga," akasema. "Watu walishajua nimefunga. Wanakuja dukani wananiambia, nyumba yenu bado ni nyumba. Mimi, muuza vifungo. Walikuwa hawajawahi kuniambia neno. Ningefungua, niseme nini?"

"Useme dirisha limezibwa."

"Halafu niwe mtu aliyefunga kwa hasira akafungua kwa aibu." Akatikisa kichwa. "Na mama alipenda. Usinitazame hivyo. Kwenye arusi ya binti wa mjomba alisema mwenyewe, mbele ya watu wote: mimi jua halinijui. Alicheka siku ile. Ulikuwepo."

Alikuwepo. Alikumbuka pia kwamba aliona fahari, na kwamba usiku ule alijishika shavu lake jeupe mbele ya kioo.

"Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na lingine la kujisifia," akasema. "Hilo ndilo tulilomwachia."

"Sikumuua mama yangu, Rhimo."

 Rhimo hakuwa amemsamehe. Ila aliziona zile hatua thelathini za kwenda langoni, ambazo yeye mwenyewe hakuzipiga.

Alhamisi iliyofuata Sfiya alileta jibini mbili. Rhimo aliweka moja mbele ya kaka yake na moja mbele yake mwenyewe, akaketi kwenye meza ile ile, wakati ule ule, akaila yote huku akimtazama. Mfaddal alishika mkate mkononi. Aliitazama jibini ya dada yake ikiisha, kisha akachovya mkate kwenye mafuta akala.

Baadaye Rhimo alikwenda kumpelekea Daktari Ilham kitambaa cha mezani alichomtarizia. Daktari alikipokea, akamtazama anavyosimama, akamwambia aingie kwenye chumba cha mashine. Majibu yalikuja baada ya nusu saa.

"Wewe umeishi na mama yako muda gani?"

"Wote."

"Umri wako arobaini na moja. Mifupa yako ni ya mtu wa sitini." Akaandika vidonge, akaandika maziwa, dagaa na miiba yake, kutembea, jua mikononi na miguuni nusu saa kila siku. "Kilichokwenda hakirudi chote, dada. Tutajaribu kuzuia kilichobaki."

Ngazi za kwenda paani ni kumi na tisa. Rhimo huzipanda kila asubuhi saa nne, ameshika ukuta, kwa kuwa ameonywa asianguke. Huko juu hukunja mikono ya nguo mpaka viwikoni na kutariza mpaka kivuli cha ghorofa ya Absalam kimfikie. Mfaddal hajawahi kuuliza ufunguo uko wapi. Idi iliyopita Rhimo alilivaa jalaba lake la mwaka juzi, akalikanyaga mlangoni. Limezidi kidole kimoja. Amelikunja kwa ndani, ameshona.